Siku ya Tatu Mpe Jembe: Ndoa ya Mwenyeji na Mgeni Mbele ya Dirisha la Uhamiaji

(Mhadhara uliotolewa mjini Mbeya mbele ya walimu, wanafunzi wa sheria na wanandoa)



Nimeombwa nizungumzie ndoa ya raia na mgeni: makaratasi yake, foleni zake na siku zake za kawaida. Mimi si mwanasheria. Nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na kwa miaka 24 nimekuwa mke wa mtu anayeitwa mgeni katika nchi niliyozaliwa. Sheria nitakazozitaja nimezisoma kwa kuwa ziliingia nyumbani kwangu, zikakaa sebuleni, na mpaka leo hazijaondoka.

Maneno yangu yote yanasimama juu ya methali moja mnayoijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Tumezoea kuisikia kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini isikilizeni tena. "Mpe" ni amri, na anayeamriwa ni mwenyeji. Mwenyeji ndiye mwenye jembe. Ndiye anayepaswa kulitoa. Kwa hiyo jembe ni wajibu wa mgeni, na ni haki yake pia. Anayenyimwa jembe siku ya tatu atabaki mgeni hata siku ya elfu tatu.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Nchi yetu inamruhusu mume mgeni alale kwetu, azae kwetu na azike kwetu, lakini inamkawizia jembe. Na jembe likikawia, ndoa ndiyo inayolipa.

Mto uliotutenganisha

Nimezaliwa Kyela. Mume wangu amezaliwa Karonga, Malawi. Kati yetu upo mto Songwe. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule husemezana bila mkalimani. Lugha ni moja, tofauti ni ya lafudhi na maneno machache. Koo zetu huanza na "Mwa-" pande zote mbili. Wao hulima mpunga, sisi hulima mpunga. Songwe wenyewe huhama: mvua zikizidi, mto huacha njia yake ya zamani, na mtu aliyelala na shamba upande wa Tanzania huamka akaliona upande wa pili wa maji. Mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani, mto haukuulizwa.

Mume wangu, Baba Atupele, alikuja Kyela kufunga mashine ya kukoboa mpunga ya mjomba wangu. Ni fundi. Akiisikiliza mashine ikiunguruma anajua beringi ipi imechoka. Tulipokubaliana, wazee wa pande zote mbili walikaa siku moja. Walitajana koo, wakagundua bibi mmoja waliyemshiriki, wakahesabu ng'ombe, wakala, wakaagana. Kwa wazee, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya jua kuzama. Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Atupele kwa kuwa jina hilo halihitaji kuelezwa upande wowote wa mto.

Nawasimulia haya kwa sababu tukitamka "mume mgeni" watu wengi humwona mzungu aliyeshuka kwenye ndege. Wageni wengi katika ndoa zetu ni wa aina ya Baba Atupele: Mkongo aliyeoa Kigoma, Mkenya aliyeoa Tarime, Mrundi aliyeoa Ngara, Msumbiji aliyeoa Newala. Ni watu ambao babu zao walikuja kuoa kwa miguu.

Bahasha ya kaki

Kila nyumba ya namna yetu ina bahasha ya kaki. Yetu ilianza na karatasi moja, leo ni mafaili matatu.

Karatasi ya kwanza ni ya ndoa yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sharti hilo ni jema, na linawahusu wote. Kwa mgeni huongezeka ushahidi kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine inayomzuia. Mume wangu alivuka mto kuufuata, akarudi nao, nao ukaonekana una kasoro: jina la ukoo limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Karani wa Karonga aliandika alivyosikia; karani mwingine naye aliandika alivyosikia. Tulikwenda kwa wakili kuapa kwamba majina mawili ni mtu mmoja. Hati hiyo ya kiapo nimeitoa bahashani mara nyingi kuliko cheti changu cha ndoa.

Vijana mnaotaka kuoana, lichukueni hili mapema. Kabla ya kushona nguo za harusi, wekeni juu ya meza moja pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na vitambulisho vya nyote wawili, msome majina herufi kwa herufi na tarehe namba kwa namba. Kosa linalosahihishwa sasa hugharimu nauli na siku chache. Likigunduliwa mtoto akisubiri pasipoti, hugharimu mwaka.

Neno "mtegemezi"

Baada ya ndoa tulikwenda kwenye ofisi moja kuomba kibali cha yeye kuishi kwangu. Ofisa alisoma jina, akamtazama, akauliza kwa Kinyakyusa: "Wewe si wa kwetu? Unaomba nini hapa?" Mume wangu alijibu kwa lugha ileile, akatoa pasipoti ya Malawi. Ofisa akanyamaza, akabadilisha lugha, akatupa fomu. Tangu dakika ile tuliongea Kiswahili.

Fomu ilinitaka mimi niandike kwamba huyu ananitegemea, na kwamba nitabeba gharama zake. Nikaandika. Wengi wetu huanza na pasi ya mtegemezi. Nawaomba mlipime neno hilo. Nyumba ikijengwa vizuri, kuta hutegemeana. Hakuna ukuta unaoitwa mtegemezi na mwingine mtegemewa. Lakini karatasi ilichagua. Mtu aliyelipa mahari, aliyenijengea jiko, aliyekesha na mtoto mwenye homa, aliandikwa kwa wino kuwa mzigo wangu.

Jina tungelivumilia. Lililotuumiza ni kilichofuata nyuma yake: pasi ya mtegemezi haimruhusu aliye nayo kufanya kazi. Kazi ina kibali chake. Tangu Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015, kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi, huombwa na mwajiri, na mwajiri hutakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania wa kazi hiyo akamkosa, na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kisha mnaanza kuhuisha. Sheria hiyo iliwalenga wageni wanaoletwa na kampuni, na kwa hao ina maana yake. Lakini mwenye kinu cha mpunga Kyela, mwenye mashine moja na vijana wawili, ataandikaje mpango wa kurithisha ujuzi? Nani atamwombea kibali fundi anayeitwa leo kwa huyu, kesho kwa yule?

Msimu mmoja wa mavuno, mwezi wa saba, mashine ya jirani yetu iliharibika. Mpunga ulikuwa umerundikana mpaka barazani, na wanamama waliutoa mbali kwa baiskeli. Jirani alikuja kwetu usiku, hakubisha hodi kwa sauti. Akasema, "Shemeji, njoo uitazame tu." Mume wangu alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeapa kwa maandishi. Pasi yake ilikuwa imebakiza miezi miwili, na tulikuwa tumesikia habari za mtu aliyekamatwa akiwa na spana mkononi. Hakwenda. Alikaa gizani akiisikiliza mashine ikijaribiwa na kuzimika, ikijaribiwa na kuzimika, naye anajua kabisa ugonjwa wake. Asubuhi aliniambia, "Mama Atupele, leo nimekuwa mgeni kweli."

Miezi michache baadaye jirani yuleyule alifiwa na mama yake. Vijana walipita nyumba kwa nyumba kukusanya wachimba kaburi, wakampitia na mume wangu. Akachimba mpaka jua likawa la utosi. Pale makaburini walimpa jembe bila kumuuliza pasipoti. Kijiji kilikuwa kimekwisha kuamua yeye ni nani. Kilichobaki nyuma ni sheria.

Mke wa raia na mume wa raia

Sasa niingie kwenye sheria yenyewe, kwa kuwa tatizo letu halitokani na roho mbaya ya maofisa. Nimekutana na maofisa wengi wema. Wanatekeleza kilichoandikwa.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki, wakati wowote mumewe akiwa hai, ya kuomba uraia wa tajinisi. Kifungu kinamtaja mwanamke. Mwanamume aliyemwoa raia wa Tanzania hakutajwa. Yeye atapita njia ya wageni wote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Akikataliwa, Waziri halazimiki kumpa sababu. Miaka aliyoishi na mkewe itahesabiwa kama miaka ya ukaazi, sawa na ya mgeni aliyekuja kuchimba madini. Ndoa yake haiongezi kitu.

Kwa watoto sheria haina upendeleo: mtoto wa raia ni raia, mzazi huyo awe baba au mama. Ndiyo maana katika nyumba yetu mezani huketi raia wanne na mgeni mmoja, na mgeni huyo ndiye anayekaa kwenye kiti cha baba. Watoto wenyewe, kama wana uraia wa pili kupitia baba yao, wanaruhusiwa kuwa nao hadi miaka 18. Baada ya hapo Tanzania inawataka wachague.

Mtaniuliza: kwa nini basi mumeo asipite hiyo njia ya tajinisi? Tulilizungumza hilo kwa miaka. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo angelazimika kuukana uraia wa Malawi. Baba yake amezikwa Karonga. Shamba la ukoo liko Karonga. Mama yake mzee alikuwa hai. Alisema, "Sikuja kwako kwa kuwakataa kwetu." Nilimwelewa, kwa maana hata mimi nisingeweza. Kwa hiyo sikuja hapa kudai kila mume mgeni apewe uraia kesho asubuhi. Uraia ni kiapo, na kila mtu ana dhamiri yake. Nadai kitu kidogo kuliko uraia na kikubwa kuliko pasi: haki ya kuishi na kufanya kazi bila kuukana ukoo wake.

Mila zetu zina njia mbili

Kifungu cha 11 kinasimama juu ya wazo la kale: mke humfuata mume. Akiolewa huingia ukoo wa mumewe, na taifa likafanywa ukoo mkubwa. Wapo wanaosema ndiyo mila yetu, tusiiguse.

Mila yetu ipi? Mimi Mnyakyusa kwetu tunahesabu ukoo kwa baba, hivyo naijua mila hiyo na ninaiheshimu. Lakini Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, na kwa desturi mume alihamia kijiji cha mkewe, akajenga huko, akalima huko. Waluguru wa milimani Morogoro wana koo za mama, na ardhi imeshikwa na koo hizo. Lamu, katika nyumba za mawe za watu wa kale, baba alimwandalia binti nyumba, na bwana harusi ndiye aliyeingia kwa mkewe. Hakuitwa mtegemezi. Aliitwa mume.

Kwa hiyo mila za pwani na za bara zinajua mwanamume anayehamia kwa mkewe. Zilimpokea, zikampa kazi, zikamdai kazi. Sheria iliyoandikwa ilichukua mila moja kati ya nyingi ikaiita ya wote. Tukiirekebisha tutakuwa tumeirudishia nchi utajiri wake.

Nyumba, shamba na kifo

Jambo la ardhi wanandoa wengi hulikwepa mpaka siku ya msiba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nyumba yetu iko kwa jina langu. Matofali yake mengi aliyafyatua yeye kwa mikono. Nikitangulia kufa, jasho lake lote litakuwa mikononi mwa ndugu zangu na mwa watoto, na pasi yake iliyoandikwa kwamba ananitegemea itakuwa haina wa kumtegemea. Mtu anaweza kumzika mkewe Ijumaa, na kufikia mwisho wa mwezi akawa anaulizwa anaishi nchini kwa sababu gani.

Kwa hiyo nimeandika wosia. Nimeitaja nyumba, nimewataja watoto, nimeandika kwamba baba yao ataishi humo mpaka mwisho wa uhai wake, na nimewaita ndugu zangu nikawasomea wangali wananiona. Nawashauri mfanye vivyo hivyo, tena mbele ya wakili.

Majirani walivyofanya

Tusidhani tuko peke yetu, wala kwamba jambo hili haliwezekani.

Mauritius mwaka 1977 ilipitisha sheria zilizowaondolea waume wageni haki ya kuishi nchini na wake zao, huku wake wageni wakiachiwa yao. Wanawake 20 wa Mauritius walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 Kamati iliwapa haki wale watatu kati yao walioolewa na wageni, na mwaka 1983 Mauritius ikazirekebisha sheria zake.

Botswana, mwanasheria Unity Dow aliolewa na Mmarekani. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa raia, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 iliwahesabu kwa baba. Litafakarini: sheria ilimwadhibu mama kwa kufunga ndoa. Alishtaki, akashinda, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha ushindi wake. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo.

Zimbabwe, mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilisema maneno ambayo ningependa kila mbunge ayasikie: kumfukuza mume mgeni ni kumnyima mke haki yake ya kuishi popote nchini mwake, kwa sababu raia huyo analazimishwa kuchagua kati ya nchi na ndoa. Lakini mwaka 1996 Bunge la huko lilibadilisha Katiba, na ulinzi huo ukaondolewa kwa waume na kwa wake pia. Tujifunze hapo. Usawa unaweza kutafutwa kwa kupandisha, na unaweza kutafutwa kwa kushusha. Sisi tunaomba kupandishwa.

Kenya, jirani wa karibu, ilikuwa na ubaguzi kama wetu. Katiba ya mwaka 2010 iliufuta. Ibara ya 15 inampa mtu aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, awe mume au mke. Sheria ya mwaka 2011 inamfungulia mlango wa ukaazi wa kudumu aliyedumu katika ndoa miaka 3. Na Ibara ya 13 inasema uraia haupotei kwa kuoana wala kwa kuachana. Kenya haikuanguka kwa sababu hiyo.

Sisi wenyewe tumekwisha kuahidi. Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inazungumzia usawa katika uraia. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo.

Walio ng'ambo

Wapo hapa wanaojiandaa kuwafuata wenzi wao Ulaya, na wengine wana ndugu Oman. Kwa hao niseme machache.

Oman, hadi mwaka 2023, raia alitakiwa kupata ruhusa ya serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni. Familia nyingi za Unguja na Pemba zilizogawanyika na bahari zinayajua machozi ya ruhusa hiyo. Sharti hilo limeondolewa. Uingereza, tangu Aprili 2024, mwenyeji anayemwita mwenzi wake hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, wakati awali kilikuwa 18,600. Anayetoka kwetu hupimwa kifua kikuu, hufanya mtihani wa Kiingereza, hupewa viza ya miezi 33, kisha huhuisha. Ukaazi wa kudumu huja baada ya miaka 5.

Ni mlango mgumu, na umewatenganisha wengi wenye mishahara midogo. Siusifu. Lakini angalieni jambo moja: aliyekwisha kuuvuka huo mlango anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza, awe mume au mke. Mlango wao ni mwembamba, ila jembe liko nyuma ya mlango. Kwetu tunamkaribisha mtu kwa bashasha, kisha tunalificha jembe.

Hofu zilizopo

Ofisa mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu, aliniambia: "Mwalimu, ukilegeza, watakuja wanaooa karatasi." Ni kweli ndoa za hila zipo. Wapo waliowadanganya mabinti zetu, wakapata kibali, wakatoweka. Mimi kama mama sitaki binti wa mtu yeyote afanywe ngazi.

Lakini hila hutambuliwa kwa muda na kwa majirani. Mjumbe wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wanajua nani analala wapi. Miaka mitatu ya kuishi pamoja ni kipimo. Watoto ni kipimo. Na kama hila ni ya wageni, mbona mke mgeni hatumshuku kwa kiasi hicho? Mwongo hatambuliwi kwa jinsia.

Hofu ya pili ni ajira: vijana wetu hawana kazi, tuwape wageni? Fundi mmoja anayefanya kazi Kyela hulisha watoto wa Kitanzania, hulipa ada ya watoto wa Kitanzania, na akilipa kodi huilipa hapa. Akizuiwa, mzigo wa watoto hao humwangukia mama peke yake. Kumnyima mume mgeni kazi ni kumkata mshahara mke raia.

Kwa wanandoa

Nawaachia machache niliyojifunza kwa gharama.

Wekeni kalenda ya vibali ukutani, mwanze kuhuisha miezi mitatu kabla. Kila mnachokipeleka, bakini na nakala iliyothibitishwa. Kila mnachokilipa, bakini na stakabadhi. Msimpe pesa mtu anayewasubiri nje ya geti akisema ana mkubwa ndani. Kaeni vizuri na serikali ya mtaa, maana barua ya utambulisho huombwa na kila ofisi. Nendeni dirishani pamoja kila inapowezekana; aliye mgeni asisimame peke yake.

Na ndani ya nyumba, wewe uliye raia, usiligeuze jambo hili kuwa fimbo. Siku tukigombana, ulimi wangu umewahi kukaribia kusema, "Uko hapa kwa karatasi yangu." Niliuuma. Neno hilo likitoka halirudi, na mwenzio atalisikia kila atakapotia sahihi fomu. Nawe uliye mgeni, jifunze salamu za wakwe, hudhuria misiba, jua majina ya watoto wa majirani. Vibali hutolewa mjini, lakini ushahidi wako unaandikwa mtaani.

Ombi langu

Wanafunzi wa sheria, ninyi ndio mtakaoandika miswada kesho. Naomba manne. Kifungu cha 11 kisomeke "mwenza" badala ya "mwanamke". Mwenzi wa raia aliyedumu katika ndoa miaka mitatu, au mwenye mtoto raia, apewe haki ya ukaazi na ya kazi katika hati moja, bila kulazimika kutafuta mwajiri wa kumwombea. Mfiwa mwenye watoto raia asiondolewe nchini kwa sababu mwenzi wake amekufa. Na kila anayekataliwa aandikiwe sababu, ili ajue cha kusahihisha.

Mume wangu ana miaka 24 hapa. Vijana aliowafundisha kazi, nyakati alizokuwa na kibali, sasa wana vinu vyao. Mwezi ujao tutabeba bahasha tena, mimi nitaandika tena kwamba ananitegemea, naye atasubiri tena kwenye benchi.

Waheshimiwa wabunge wa mkoa huu, maneno haya yakiwafikia, yapelekeni Dodoma. Wazee wetu waliagiza siku ya tatu. Siku hiyo imepita zamani. Mpeni jembe.